Maonyo ya Zambarau

Niseme mapema, mimi si mtaalamu wa kompyuta. Nina duka la steshenari hapa Kibiti. Napiga chapa, natoa kopi, najazia watu maombi ya vyuo, na mtu akiniletea flashi yenye virusi namrudishia kwa ncha za vidole. Lugha ya C nilifundishwa na kaka yangu, tena kwa ubishi, kwa sababu nilimwambia hawezi kunifundisha kitu nikakielewa. Alikaa kwenye kiti cha wateja, mguu mmoja kaukunja juu, muhogo wa kuchoma mkono wa kushoto, anapiga vitufe kwa kidole kimoja cha kulia. Makombo yalijaa kwenye kibodi. Nilimfokea kila siku juu ya makombo yale, na sasa naapa nisingemsema hata akimwaga na chai.

Ndiye aliyeandika programu ya maji. Kwetu ni kisiwani, huko delta ya Rufiji, na boti ya kwetu haiendi kwa saa ya ukutani, inakwenda kwa maji. Maji yakijaa unafika mpaka dikoni, pale boti zinapofunga, na kushuka na kanga yako kavu. Yakitoka, boti inakaa kwenye tope na wewe unakaa nayo, jua linakuchoma, mpaka yarudi. Watu wa kisiwani wanahesabu kwa mwezi. Wanajua lini ni bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu, na lini ni maji mafu. Sisi wawili tulikuwa tumekwisha kuhamia Kibiti, hesabu inatuponyoka, na mama yetu ana tabia ya kutangulia dikoni kutungoja tukimwambia tunakuja. Tukikosea maji, anayeungua jua ni yeye. Kaka hakuweza kuvumilia hilo.

Basi akachimbia mti wa mkoko pale dikoni, akauchanja alama, akashinda hapo anaandika maji yamefika alama ipi na saa ngapi. Kisha akaazima mpira wa maji wa fundi ujenzi, ule unaoonyesha ndani, wanaopimia usawa wa msingi, akauvuta kutoka kwenye ule mti mpaka kizingiti cha mlango wa mama. Majirani walimuuliza kama anajenga msikiti. Alichotaka ni programu itoe safu mbili: ya kwanza, saa ya maji kujaa, ya pili, maji yatasimama wapi, chini au juu ya kizingiti cha mama. Safu ya kwanza ilitoka sawasawa. Kwa safu hiyo mimi na yeye tulikuwa tunafika dikoni na maji, na mama anatupokea bila kutokwa jasho.

Safu ya pili ilikuwa kichekesho. Mara sifuri, mara namba ndefu mpaka inamwagika nje ya mstari. Kaka alikuwa akiisoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio, kwamba leo maji yatapita mnazi, yatapita mnara wa simu, wenye ndege wajihadhari. Tulicheka mpaka wateja wakaona duka lina wendawazimu. Alisema ataitengeneza akipata nafasi.

Sasa niwaeleze yale maonyo, maana ndiyo yaliyonifanya nikae kuandika haya. Kaka hakuniachia programu iliyoiva. Aliniachia faili la maandishi na amri moja. Ukiita amri ile, kompaila, yaani kile chombo kinachosoma maandishi ya mtu na kuyageuza programu, inasoma faili upya, inajenga, kisha programu inafanya kazi. Na kila iliposoma faili la kaka, kompaila ilinuna. Lugha ya C ina maktaba za kazi zilizokwisha kuandikwa na wengine, wenyewe wanaziita fanksheni. Ukitaka ya kupiga hesabu fulani, unaiita kwa jina tu, inakufanyia. Lakini adabu yake ni kwamba kwanza, juu kabisa ya faili, uandike mstari unaotambulisha maktaba yake. Usipoandika, kompaila ya zamani ilikuwa haikukatazi. Inatoa onyo kwa rangi ya zambarau: huyu unayemwita sijatambulishwa kwake. Kisha inakisia kwamba atakachorudisha ni namba nzima, isiyo na nukta, na inaendelea na kazi, ikiamini mwenyewe atapatikana mbele.

Kaka alikuwa haandiki mistari ile ya juu. Uvivu tu, hakuna jingine. Aliita fanksheni hii, akaita ile, na maonyo yakajipanga kwenye kioo rangi ya zambarau. Mimi, mgeni wa mambo hayo, nilishtuka nikamwambia imeharibika. Akanijibu hilo ni onyo, si kosa, litapita. Na kweli likapita, safu ya kwanza ikatoka. Tangu hapo nilizoea.

Halafu akaondoka. Alikuwa amemaliza chuo Dar, kazi hakuna, kila siku bahasha za maombi. Akajiunga na wenzake, wakashuka kusini, Mtwara, Msumbiji, mpaka Afrika Kusini. Mwanzoni alipiga simu. Nyuma yake nilisikia watu wanaongea lugha nisiyoijua, naye anacheka, anauliza mama hajambo, anauliza maji ya kwetu yakoje. Simu zikapungua. Mwisho nikawa nasikia yule dada wa kampuni ya simu, kwamba namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Ile "kwa sasa" yake ilinitia hasira, wallahi. Namba yangu sijaibadilisha mpaka leo, ingawa mtandao wake huku ni wa kubahatisha.

Kwa hiyo kila nilipotaka kwenda kwa mama nilifungua kompyuta, nikaita amri, na maonyo yakatoka. Yalikuwa yale yale, kwa mpangilio ule ule. Nilikuwa nayasoma pole pole. Ulikuwa uvivu wa kaka yangu ule, mzima mzima, haujaguswa na mtu. Nikitazama faili lenyewe, kompyuta ilikuwa inaonyesha tarehe ya mwisho kubadilishwa, na tarehe ile ilikuwa ya siku zake, alipokuwa amekaa kwenye kile kiti na muhogo wake. Mtu mwingine anatunza shati. Mimi nilitunza tarehe. Nilimkumbuka, na sikuwa na wa kumwambia, maana kwa mama jina lake halitajwi kwa kilio, linatajwa kwa mipango. Akija tutapaka chokaa. Akija atapanda juu kuangua nazi zile.

Mama ndiye aliyekuwa shida yangu kubwa. Kisiwa chetu kinaliwa. Maji ya chumvi yamepanda mpaka kwenye jaruba lake la mpunga, mpunga umekuwa mwekundu ukafa, na ukingo wa mto umesogea mpaka nyuma ya jiko. Majirani wameanza kuondoka, wengine wameingia Bungu, wengine wamefuata ndugu zao mpaka Mkongo. Mimi nimeandaa chumba, nimetia kitanda, nimetia chandarua. Kila nikienda namwambia mama twende. Kila nikimwambia, ananitazama kama nimetukana.

Hoja yake ilikuwa moja. Namba za simu kaka atakuwa amezisahau, mtu akiibiwa simu ugenini anapoteza kila kitu, lakini njia ya kwao anaijua. Akija atakuja pale. Sasa akikuta mlango umefungwa na majani yameota, atamwuliza nani? Nilimwambia atawauliza majirani. Akanijibu majirani wenyewe ndio hao wanahama. Nikaiacha hoja, kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilikuwa na donge. Mimi ndiye ninayempelekea sukari na dawa ya presha. Mimi ndiye ninayepakata kuku kwenye boti na kutapikiwa na watoto wa watu. Na bado mwenye nyumba pale ni yule aliyenyamaza.

Ikafika masika moja, mvua za bara hazikamatiki. Abiria waliotokea Nyamwage waliingia dukani kupiga kopi wanasema mto umetanuka, wanasema hawajauona hivyo. Na bamvua kubwa ya msimu ilikuwa inakuja. Nikakata shauri kwenda kumchukua mama, apende asipende. Nikafungua kompyuta. Kompyuta hii ilikuwa mpya, ya zamani ilikuwa imekufa, fundi akafanikiwa kuokoa mafaili tu. Kila kitu ndani yake kipya, na kompaila nayo mpya. Nikaita amri ya kaka.

Kioo kikawa chekundu. Ile zambarau yangu ikawa nyekundu. Kompaila ilikuwa imekataa. Nikasoma, nikapekua mtandaoni, kumbe siku hizi wamebadilisha sheria: ukiita fanksheni isiyotambulishwa, si onyo tena, ni kosa, na hakuna kinachojengwa. Nilikaa nikajisikia mnyonge. Utasema ni mambo ya kompyuta tu. Mimi niliona ni kama watu wamekaa mahali, mbali huko, wakaamua kwamba kumngoja mtu usiye na hakika naye sasa ni marufuku.

Nilipekua zaidi nikapata namna ya kuibembeleza. Kuna neno la kuongeza kwenye ile amri, kompaila mpya inalegea, makosa yanarudi kuwa maonyo. Nikaongeza. Zambarau ikarudi, mistari ile ile, kwa mpangilio ule ule, na safu ya kwanza ikatoka na saa zake. Nililia pale dukani, mteja wa picha za pasipoti saizi ananitazama. Nikamwambia vumbi.

Lakini safu ya pili nayo ikarudi na upuuzi wake, na safari hii sikucheka. Saa ya kufika nilikuwa nayo. Nilichokihitaji ni kile ambacho kaka hakukimaliza: maji yatafika wapi kwenye kizingiti cha mama. Nikayasoma yale maonyo upya, neno kwa neno, safari hii kama mtu anayetafuta kitu. Karibu yote yalikuwa hayana madhara. Moja lilikuwa nalo. Kaka alikuwa ameita fanksheni inaitwa atof, kazi yake ni kuchukua vipimo vilivyoandikwa kama maandishi kwenye faili jingine na kuvirudisha vikiwa namba zenye nukta, mita na vipande vyake. Kompaila haikutambulishwa kwake, ikakisia namba nzima. Na namba nzima na namba ya nukta hazirudishwi mahali pamoja. Atof inatia jibu mfuko huu, programu inaingiza mkono mfuko ule, inatoa chochote inachokikuta. Kumbe ndiyo minazi yetu iliyokuwa inazama, ndiyo minara. Miaka yote lile onyo lilikuwa linasema, na sisi tunaangua kicheko.

Dawa yake ilikuwa mstari mmoja juu ya faili. Mstari mfupi, mtu anauandika akipiga mwayo. Nilishindwa kuuandika. Nikiuandika na kuhifadhi, ile tarehe inafutika, faili linakuwa la leo, linakuwa langu. Ndiyo, nakala nilitengeneza, sijawa mjinga kiasi hicho. Lakini hapo hapo nikaelewa maana ya nakala. La kaka litabaki na tarehe yake na uvivu wake, na halitaitwa tena. Litakalofanya kazi ni la kwangu. Kwa muda wote ule programu yake ilikuwa inaamka na kununa kama alivyoiacha, na mimi nilikuwa najidanganya kwamba ametoka tu, yuko nje ananunua muhogo.

Nikaandika ule mstari. Nikaandika na mwingine chini yake, wa maktaba ya hesabu, kwa kuwa kazi nimekwisha kuianza. Nikaita amri. Kompaila haikusema neno. Hakukuwa na zambarau, hakukuwa na nyekundu, kioo kitupu, kisha safu mbili zikashuka. Kimya kile kilinichoma kuliko makosa.

Safu ya pili ilikuwa na namba za watu wenye akili. Siku za maji mafu, maji chini kabisa ya kizingiti. Siku za kawaida, chini kidogo. Nikateremka na kidole mpaka siku ya bamvua kubwa. Ilionyesha juu ya kizingiti, si kwa kidole, kwa shibiri nzima, na hapo ni bahari peke yake, mto haujaongezwa. Nikapiga hesabu ya mto kwa kukisia, nikafunga duka.

Nilimkuta mama anamenya kamba uani, kanga kaitia magotini. Nikamwamkia, nikaketi, sikuzunguka. Nikamwambia bamvua hii itaingia ndani. Akaniambia maji ameyaona tangu hajanizaa, yanakuja na yanarudi, Mungu ndiye mpangaji. Nikamwambia hii si ile. Akaendelea kumenya. Nilitaka kusema maneno ambayo hayarudi. Badala yake nikamwambia ile programu ya kaka, ile aliyoivutia mpira mpaka mlangoni hapa, ndiyo imetoa jibu.

Mikono yake ikasimama.

"Yeye kasema?"

Ningeweza kumweleza. Ningeweza kusema yeye aliacha kinyago, mimi ndiye niliyekaa nikakisemesha. Nilimtazama mama yangu na magamba ya kamba yamemganda vidoleni.

"Yeye kasema, mama."

Akaosha mikono. Akaingia ndani, nikasikia anafungua kamba za chandarua. Nilikaa palepale uani na sinia la kamba, nimefurahi na nimeumia kwa wakati mmoja, sijui kipi kilikuwa kikubwa. Maji yalikuja kweli, nisiwafiche. Yalipita kizingiti, yakalala ndani, na ukuta wa upande wa jiko ukaenda nayo. Lakini siku hiyo sisi hatukuwepo tena.

Tulichukua godoro, masufuria, mikeka, mbuzi ya kukunia nazi, na kuku wale waliokubali kukamatwa. Mwenye boti ni jirani yetu, akafunga vitu vizuri, tukatoka maji yakiwa yamejaa. Mama hakugeuka kutazama nyumba. Nilidhani amejikaza, kumbe alikuwa na kazi yake.

Kwetu kule habari hupita juu ya maji. Mtandao wa simu mpaka upande kichuguu, kwa hiyo boti ikipita, mtu anapaaza sauti kwa walioko ukingoni: fulani kajifungua, fulani mgonjwa, mwambieni fulani nyavu zake ziko tayari. Tulipofika kitongoji cha kwanza mama akamwomba mwenye boti apunguze mwendo. Akasimama, mkono mmoja begani kwangu, akaita. Akajitaja yeye ni nani, mama wa nani, mke wa marehemu nani. Akasema anahamia Kibiti kwa bintiye mwenye duka la kupiga chapa, nyuma ya stendi. Mwanangu akipita hapa, mwambieni. Watu wakaitikia. Kitongoji cha pili akasema vilevile, neno kwa neno. Kila palipokuwa na moshi wa jiko au mtumbwi umefungwa, alisimama na kujitambulisha upya, sauti inakwaruza, na mimi nikawa nimemshika kiuno asianguke.

Cha mwisho, kabla ya kuingia mto mpana, palikuwa na mwanamke peke yake anaosha vyombo. Alikuwa kijana, ameolewa pale karibuni, hakuwa anatujua. Mama akampa maneno yote. Yule akasikiliza kwa adabu, akauliza kwa nia njema kabisa.

"Sawa, mama. Yukoje huyo, nitamjuaje?"

Mama akafungua mdomo. Akasema mrefu. Akasema mwembamba, ana pengo hapa mbele. Akanigeukia, na mimi nikaangalia maji, kwa sababu nami sikujua. Labda amenenepa. Labda ana ndevu, anachechemea, anaongea Kiswahili cha kutafuta. Mwenye boti alizima injini kabisa, tukawa tunaelea.

"Sijui yukoje sasa," mama alisema. "Akija mtu yeyote anauliza nyumba yangu, hata awe vipi, usianze kumwambia imechukuliwa na maji. Mwambie kwanza mama yako yuko hai. Ya nyumba mwambie baadaye."

Yule mwanamke akasimama na sufuria mkononi, akaurudia ujumbe, aone kama ameushika vizuri: kwanza yuko hai, ya nyumba baadaye. Mama akamwambia hivyo hivyo, mwanangu. Kisha akaketi juu ya godoro, na mwenye boti akavuta kamba ya injini.